Miaka Yangu Kwenye Meza ya Baruti

Ijumaa yangu ya mwisho dukani mlinikatia keki yenye umbo la risasi, jambo ambalo mchungaji wangu hangelielewa, na Furaha akaniambia, "Mama Salome, utuandikie yale unayotuambiaga kila siku, kabla hujayasahau." Sijasahau, Furaha. Ila nimekubali, kwa sababu sasa sina basi la kuwahi asubuhi, na mtu aliyezoea kuulizwa maswali kutwa nzima akikosa wa kumuuliza huanza kuongea na sufuria. Naandika kwa Kiswahili kwa ajili yako na Kiprono, ninyi mlioachiwa meza yangu. Wenzenu mtawasomea kwa Kiingereza, na mkiruka mahali nilipowasema, sitajua.

Nani alipandishwa cheo na nani aliachwa, sitaandika. Hayo mnayajua, na mnayatia chumvi kuliko ningeweza mimi.

Niliingia duka lile kuomba kazi ya usafi. Nilikuwa nimelea wazee wa watu hapa Marekani miaka mingi, kuwainua kitandani na kuwarudisha, hadi mgongo ukakataa. Meneja hakuniuliza nilisoma wapi. Aliniuliza kama naweza kusoma namba ndogo bila miwani, na wakati huo niliweza. Akanipeleka nyuma kabisa, kwenye meza ndefu ya mbao yenye mashine za mkono zilizokazwa kwa bolti, na rafu zilizojaa makopo. "Hapa ndipo wanaponunua vitu wale wanaojitengenezea risasi," akasema, akaenda zake.

Mimi nimetoka Nandi. Kwetu mtu aliyesema anajitengenezea risasi nyumbani, tulijua atakuja kuulizwa na polisi. Nilisimama pale na ufagio wangu nikidhani nimeajiriwa na majambazi wenye leseni.

Mteja wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye kofia ya kijani. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, akatazama kushoto na kulia. "Natafuta mtu wa kunisaidia," akasema. Nikamwambia mimi ndiye. Akasema atasubiri. Akasubiri dakika ishirini nzima, tukitazamana juu ya makopo kama watu walionuniana, hadi Dale akafika.

Dale hamkumkuta, kwa hiyo nitamweleza. Alikuwa fundi wa mitambo aliyestaafu, mwenye masharubu meupe na shati la drafti majira yote, akifanya kazi dukani siku tatu kwa wiki kwa sababu mkewe alimchoka nyumbani. Alimsikiliza yule mteja, kisha akamwambia, "Huyu ni Salome. Muulize yeye. Yeye ataniuliza mimi, mimi nitamjibu yeye, naye atakujibu wewe." Tukafanya hivyo hivyo, swali kwa swali, mwanamume yule akiwa mwekundu kama nyanya. Wiki ya tatu nilikuwa nikijibu bila kumuuliza Dale. Mwezi wa nne yule mwenye kofia ya kijani akaja, Dale yupo, akapita moja kwa moja kwangu.

Wageni wanaokuja kwenu wakitaka kuanza, waelezeni kama Dale alivyonieleza mimi. Bunduki ikishapiga, kinachobaki mkononi ni ganda la shaba. Ganda lile halijafa. Unalitoa kiwashio kilichoungua, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, unalirudisha umbo lake ndani ya kalibu ya chuma, unalipa kiwashio kipya, unalimiminia baruti iliyopimwa, na juu yake unakandamiza kichwa cha risasi. Basi. Wapo wanaofuma sweta, wapo wanaooka mkate, na wapo wanaofanya hivi. Mwenye kufuma sweta anataka limtoshe mumewe. Mwenye kutengeneza risasi anataka itoshe bunduki yake moja, ile ya kwake, si ya mtu mwingine yeyote duniani.

Dale hakuniruhusu kugusa baruti wiki nzima ya kwanza. Alinipa ndoo ya maganda makuukuu na kurunzi. Nilikagua kila moja: lenye ufa mdomoni, lenye kitundu, lenye mstari unaong'aa karibu na kitako, ambao ni ishara kwamba shaba imechoka na inakaribia kukatika. Hayo unayaponda kwa koleo hapo hapo, ili mtu mwingine asiyaokote akayahurumia. Nilipomaliza ndoo, akaniletea nyingine. Nilidhani ananionea. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akiyafundisha macho yangu kutokuwa na haraka.

Siku ya kwanza ya kuvuta mkono wa mashine, ganda likakwama ndani ya kalibu kama pete ya usichana kwenye kidole cha mama wa watoto sita. Nilivuta, nikasukuma, nikaomba. Dale alikuwa kwenye kigoda chake akinywa kahawa.

"Umesahau nini?"

"Mafuta," nikasema. Ganda lazima lipakwe mafuta kidogo kabla ya kuingia.

"Kila mtu husahau mafuta mara moja," akasema. "Mara ya pili huitwa jina lingine."

Ilituchukua saa nzima kulitoa, kwa kulitoboa kitako na kulivuta kwa bolti. Alikuwa na kopo la maganda yaliyokwamishwa na wanafunzi wake, kila moja na jina lililoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Langu likaingia humo. Nilijivunia kuliko cheti chochote nilichowahi kupewa.

Kosa langu kubwa halikuchekesha hivyo. Tulikuwa tukiwafundisha wanaoanza, darasa la Jumamosi, watu watano mezani. Kulikuwa na makopo mawili ya baruti wazi mbele yangu, jambo ambalo nilikuwa nimeambiwa mara mia nisilifanye. Mtu mmoja akaniuliza kitu, nikageuka kumjibu, na nilipogeuka tena nikamwaga baruti iliyobaki kwenye kipimio ndani ya kopo lisilo lake. Chembe za kijivu juu ya chembe za kijivu. Hakuna aliyeona. Ningeweza kufunga kifuniko, nikairudisha rafuni, na siku moja mtu angeipima vizuri kabisa, kwa mizani sahihi, akafuata kitabu herufi kwa herufi, halafu bunduki ikampasukia usoni.

Niliinua mkono kama mtoto wa shule. "Dale, nimechanganya."

Alilichukua kopo, akaliandika msalaba, akawageukia wanafunzi. "Hili ndilo somo muhimu la leo, na Salome amewafundisha bure," akasema. Darasa lilipoisha tulikwenda kwake, tukaimwaga baruti yote kwenye nyasi zake, kwa kuwa ardhini hugeuka mbolea. Majani pale yalistawi kupita kiasi, na kila nilipowatembelea alinionyesha: "Ile ni sehemu yako." Hakuwahi kunigombeza. Lakini tangu siku ile hamkuniona na makopo mawili mezani, na ndiyo maana nilikuwa nikiwapigia kelele mlipoyasogeza pamoja hata yakiwa yamefungwa.

Dale alipohamia kusini kwa binti yake aliniachia darasa na kigoda. Miaka iliyofuata mnaijua wenyewe, hasa ile ya uhaba, wakati viwashio vilipokosekana kabisa na wanaume wazima wakanipigia simu kwa sauti za upole kunisalimia, kuniuliza habari za watoto, kabla ya kufikia shida yao. Wengi sikuwahi kujua kama wana adabu hadi miaka ile.

Sasa nifike kwa Papa Bahati, ambaye Furaha amekuwa akiniomba nimwandike.

Alikuja Jumanne asubuhi, Mkongo aliyevaa sare ya wale wanaohudumia wazee majumbani, sare niliyoivaa mimi mwenyewe zamani. Alisimama mbali na meza, kama mtu aliyesimama mbali na mbwa asiyemjua.

"Bonjour, mama. Uko unasema Kiswahili? Baliniambia kule kanisa."

"Karibu, papa."

"Miye ninafanya kazi kwa muzee moja, pale Takoma Park. Alinituma nimuletee bitu bya hii karatasi." Akanipa orodha iliyoandikwa kwa mistari iliyotetemeka, na kutoka kwenye mfuko wa plastiki akatoa chupa ya siagi ya karanga. Ndani mlikuwa na chembe za kijivu. Haikuwa na karatasi wala jina. "Na hii ni pudre yake ya zamani. Anasema uangalie kama ingali muzuri."

"Ni baruti gani?"

"Hakuna jina. Muzee anasema anaijua kwa harufu."

Nilifunga kifuniko taratibu. "Mwambie mzee wako siuzi hata kitu kimoja cha karatasi hii mpaka nimwone."

Badala ya kukasirika, alipumua kama mtu aliyetua mzigo. "Mama, nikuambie kweli? Miye sitaki hii mambo. Ni hii bitu nilikimbia."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Juu mikono yake inatetemeka. Iko ugonjwa. Anataka mimi nikuwe mikono yake, mara moja tu, kwa ile mashindano ya kulenga ya klabu yao. Anasema mwaka kesho hataweza." Akaukunja mfuko wake wa plastiki. "Huyu muzee alinifundisha kuendesha gari, na gari yake mwenyewe. Niligonga sanduku yake ya barua mara mbili. Alinunua ingine, akasema: endelea."

Mzee mwenyewe aliitwa Lowell. Kumbe nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu, na Jumapili baada ya ibada nikaenda. Nilimkuta sebuleni, mrefu, mkavu, mikono yote miwili ikicheza juu ya magoti yake kama isiyokuwa yake. Alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote, na alinipokea kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Naijua baruti ile kuliko unavyolijua jina lako," akasema.

"Hesabu gani huanza na kitu usichokijua?" nikamuuliza.

"Zote. Inaitwa aljebra."

Nilicheka, sikuweza kujizuia, naye akafurahi kwamba nimecheka. Kisha nikamwambia, "Mwalimu, hapa ukikosea hukatwi maksi. Bunduki inapasuka, na Bahati atakuwa amesimama ubavuni mwako."

Akageuka kumtazama Bahati, aliyekuwa mlangoni na sinia ya chai. Alimtazama muda. Halafu akasema, "Imwageni." Tukaimwaga chini ya maua yake ya waridi, mimi na Bahati, Mzee Lowell akisimamia dirishani na kutuelekeza kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Palikuwa na shida moja zaidi. Wale waliomwajiri Bahati wasingekubali mfanyakazi wao ashike baruti akiwa zamu, na walikuwa na haki. Tukapatana hivi: Jumamosi, siku yake ya mapumziko, wangekuja wote wawili kwenye meza yangu dukani, kama wanafunzi wengine, na Bahati angekuja kama rafiki, bila sare.

Jumamosi ya kwanza nilimpa ndoo ya maganda na kurunzi. Alilichukua moja, akalizungusha vidoleni.

"Haya nayajua," akasema. "Kule kwetu, asubuhi tulikuwa tunayakuta kwa mulango. Batoto walikuwa banayapuliza kama filimbi. Nilikuwa ninabanyanganya, banaokota ingine."

Nilimwonyesha jinsi ya kutafuta ufa, naye akaanza.

Kiprono, wewe ulikuwepo, na najua bado unajilaumu, kwa hiyo nalisema hapa mbele ya watu: halikuwa kosa lako. Sinia ya chuma inaweza kumponyoka yeyote. Ilipogonga sakafu, Bahati alikuwa chini ya meza kabla haijaacha kulia. Alijikunja, mikono kichwani. Niliinama nikamwita, hakunisikia.

Mzee Lowell alishika ukingo wa meza, akaanza kushuka kutoka kwenye kiti, goti moja, kisha la pili, polepole mno hadi nikataka kumshika, naye akanikataza kwa macho. Akakaa sakafuni karibu na Bahati, miguu mirefu imenyooka mbele yake, mgongo kwenye mguu wa meza.

"Salome," akasema kwa sauti yake ya darasani, "tupe daftari. Tutasomea huku."

Nikawapa daftari la vipimo alivyokuwa ameviandika Bahati asubuhi ile. Akaanza kusoma urefu wa maganda, namba kwa namba, bila haraka, kama anayesoma mahudhurio. Alisoma ukurasa mzima. Kwenye ukurasa wa pili akasoma namba moja vibaya, na hadi leo sijui kama alifanya makusudi. Kutoka chini ya mikono yake Bahati akasema, "Hapana, muzee. Hiyo ni saba."

"Saba," akasema Lowell. "Asante. Endelea wewe."

Wakamaliza daftari lote sakafuni. Wateja waliwaruka kama wanavyoruka sanduku lililoachwa njiani, na hakuna aliyecheka.

Nilidhani hatarudi. Jumamosi iliyofuata walinisubiri nje kabla hatujafungua.

Nilikuja kujua kwamba huko Uvira Bahati alikuwa fundi cherehani, wa suti, na nilipaswa kuligundua mapema kwa jinsi alivyoshika vitu. Nimefundisha watu wengi, wakiwemo wahandisi. Sijaona mikono kama ile. Alipaka mafuta kwenye ganda kama anayepitisha uzi kwenye nta. Aliukata urefu wa kila ganda, akausafisha mdomo wake, akalipima, akaandika namba kwa tarakimu za shuleni kwao, moja yenye mkia na saba yenye mkanda. Lile kopo la maganda yaliyokwama halikuwahi kupata jina lake. Baruti ilipofika kwenye mizani, aliidondosha chembe kwa chembe, huku Lowell akishikilia pumzi kando yake.

Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu. Lowell alitaka kipimo cha baruti alichokitumia miaka yote, kikubwa, kutoka kichwani mwake. Bahati alikuwa na kitabu mbele yake.

"Muzee, kitabu inasema tuanze chini."

"Kitabu kimeandikwa na waoga."

"Na mimi ni mwoga," akasema Bahati. "Tuanze chini."

Wakaanza chini. Wakapima, wakajaribu risasi chache kwa wakati mmoja kwenye uwanja wa shabaha wiki kwa wiki, wakipanda kidogo kidogo, Lowell akipiga na Bahati akisubiri garini, vioo vimefungwa. Lowell alikuwa akirudi na maganda mfukoni na kumsomea matokeo kupitia dirishani. Hatimaye wakapata kipimo ambacho bunduki ilikipenda, nacho kilikuwa chini ya kile cha kichwani mwa Lowell. Alilichukulia kama tusi kwa siku mbili.

Kwa mashindano Bahati alitengeneza risasi ishirini. Kabla ya kukandamiza vichwa, alizipanga zote kwenye kibao cha matundu, akamulika kila ganda kwa kurunzi kuona baruti imesimama usawa mmoja. Kisha akaniita nimulike mimi. Kisha akamwita Lowell. Nilimwambia inatosha. Akamwita na Kiprono.

Asubuhi ya mashindano tuliendesha kuelekea kaskazini kama saa moja, Bahati akiwa kwenye usukani, na hakugonga kitu. Uwanja wa klabu ni wa kawaida: paa la bati, meza za saruji, vilengeo vya karatasi mbali mbele ya kilima cha udongo. Nilidhani atabaki garini kama kawaida. Alizima injini, akakaa kidogo, kisha akaniomba vifunika masikio.

Alisimama nyuma ya mstari wa njano, mimi kando yake. Lowell aliiweka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, akaikumbatia, na mitetemo yake ikapungua ilipopata kitu cha kuegemea. Katikati ya zamu yake aligeuka akamwonyesha Bahati kiti, akimwuliza kwa macho kama angetaka kupiga moja.

Bahati akatikisa kichwa. "Mikono nilikupatia," akasema. "Bega, hapana."

Lowell akainamisha kichwa kama mtu aliyepewa jibu sahihi, akarudi kwenye bunduki yake. Mlio wa kwanza baada ya hapo nilimwona Bahati akifumba macho. Wa pili pia. Kuanzia wa tatu au wa nne hakufumba tena, alikuwa akiangalia karatasi kule mbali. Waliposimamisha upigaji, akavua vifunika masikio.

"Mama Salome," akaniambia, "hii ni mara ya kwanza kwa maisha yangu nasikia risasi na ninajua inaenda wapi."

Lowell hakushinda. Kijana mmoja mwenye bunduki mpya alishinda, na akajiona. Lakini risasi za Lowell zilikaa karibu karibu kiasi kwamba kiganja changu kingezifunika zote, na watu walikuja kutazama karatasi yake. Pale klabuni kila mpigaji hujaza mwenyewe pembeni mwa karatasi: jina, umbali, na kama risasi ni za kiwandani au za mkono, na za mkono wa nani. Msimamizi alitaka kumwandikia. Lowell akamnyang'anya kalamu.

Ilichukua muda mrefu. Watu walikuwa nyuma yetu kwenye foleni. Kalamu ilikwenda pembeni, ikarudi, ikatoboa karatasi mahali pamoja. Alipomaliza akamsukumia Bahati aone, bila kumtazama usoni.

Penye mkono wa nani alikuwa ameandika jina la Bahati, kwa T mbili. Bahati alilisoma, akalisoma tena, akaikunja karatasi mara nne na kuitia kwenye mfuko wa shati.